Štanjel: Kijiji cha Mawe Kisicho na Mto

Slovenia ni nchi ndogo ya Ulaya, nayo imepakana na Italia, Austria, Hungaria na Kroatia. Upande wake wa magharibi, si mbali na Bahari ya Adriatiki, uko uwanda wa juu uitwao Kras. Ukingoni mwa uwanda huo kipo kilima chenye kimo cha mita 360 hivi juu ya usawa wa bahari, na juu yake kimejengwa kijiji cha Štanjel. Jina hilo limetokana na jina la Mtakatifu Danieli, ambaye kanisa la kijiji huitwa kwa jina lake.

Mgeni afikaye huko huona jambo la ajabu. Nchi hiyo si jangwa, wala mvua yake si haba. Walakini katika kijiji hapana mto wala kijito cha kuteka maji. Je, maji ya mvua huenda wapi? Jawabu limo katika mawe yenyewe.

Uwanda wa Kras ni mawe ya chokaa. Maji ya mvua yapitapo hewani na udongoni huchukua hewa ya kaboni, nayo huwa makali kidogo, mfano wa maji yaliyotiwa tone la siki. Maji hayo hulila jiwe la chokaa polepole. Kwanza hufanya ufa mwembamba kama uzi. Baada ya maelfu ya miaka ufa huwa shimo, na shimo huwa pango. Kwa hiyo mvua ikinyesha, maji hayakai juu ya nchi, bali huzama mara. Hata mto mzima huweza kumezwa. Mto Reka huingia katika mapango ya Škocjan ukapotea machoni pa watu, ukapita chini ya ardhi zaidi ya kilomita 30, kisha ukatokea tena katika nchi ya Italia karibu na bahari. Na huko huitwa Timavo. Wataalamu wameifanya nchi hii ndogo kuwa mfano kwa dunia nzima: kila mahali palipoliwa na maji namna hii, hata kama pako mbali sana, huitwa karsti, kwa jina la Kras.

Basi watu wa Štanjel walifanyaje? Walijifunza kuyapokea maji kabla hayajagusa ardhi. Nyumba zao walizijenga kwa mawe, na mapaa pia wakayaezeka kwa mabamba ya mawe. Paa la namna hii lina faida mbili. Faida ya kwanza ni uzito wake. Wakati wa baridi upepo mkali uitwao burja huvuma kutoka kaskazini-mashariki, ukishuka kwa kasi kuelekea baharini, na mara nyingi mwendo wake hupita kilomita 100 kwa saa. Paa jepesi lingepeperushwa kama jani. Paa la mawe hukaa. Kwa sababu ya upepo huo huo, nyumba nyingi zimepangwa kama ngazi upande wa kusini wa kilima, mahali penye jua, palipokingwa na kilele.

Faida ya pili ni maji. Chini ya ukingo wa paa hupita mlizamu uliochongwa kwa jiwe, nao huyaongoza maji ya mvua mpaka birikani. Nyumba moja ya kale yenye paa na mlizamu wa namna hii ingaliko kijijini hata leo, na wageni huenda kuitazama. Haba na haba hujaza kibaba. Tone kwa tone birika lilijaa, na jamaa nzima wakapata maji ya kunywa, ya kupikia na ya kunyweshea mifugo. Lakini birika likikauka, hapakuwa na mto wa kukimbilia. Kwa hiyo maji hayakumwagwa ovyo.

Udongo nao ni haba. Udongo mwekundu hukusanyika katika mabonde madogo, na humo watu hulima mboga na mizabibu. Mawe waliyoyaokota mashambani waliyapanga kuwa kuta, zikawa mipaka na kinga ya upepo.

Kilima hicho kilikaliwa tangu kabla ya kuzaliwa Kristo, maana aliye juu humwona adui angali mbali. Katika karne ya 15 majeshi ya Waturuki yalipokuwa yakiivamia nchi, kijiji kiliimarishwa kwa boma. Baadaye mabwana wa ukoo wa Cobenzl wakajenga upya ngome yake. Kwa karne nyingi nchi ilitawaliwa na wafalme wa Austria. Mwaka 1906 reli ya kwenda Trieste ilifunguliwa ikipita hapo. Vita vya 1914 vilipoanza, na Italia ilipoingia vitani mwaka 1915, mapigano makubwa yalikuwa karibu, kando ya mto Soča. Ngome ikawa hospitali ya askari, na waliokufa wakazikwa katika makaburi karibu na kijiji.

Baada ya vita hivyo Max Fabiani, mjuzi mkubwa wa kuchora majengo, aliyezaliwa mwaka 1865 katika kijiji jirani cha Kobdilj na kupata sifa huko Vienna, alirudi kusaidia kujenga upya nchi iliyobomolewa. Huko Štanjel alitengeneza bustani kwa ajili ya daktari Enrico Ferrari, yenye ziwa dogo na daraja la jiwe, nayo ilipata maji kutokana na mvua iliyokusanywa. Mwaka 1935 akawa mkuu wa mji. Lakini Vita Kuu ya pili ilileta moto tena, na ngome ikawa magofu. Fabiani alihamia Gorizia, akafa mwaka 1962. Watu wengi walihama sehemu ya juu ya kijiji, na kazi ya kuijenga upya imechukua miaka mingi.

Mzee aliyezaliwa Štanjel mwaka 1900 na kuishi mpaka 1991 aliona tawala nne bila kuhama nyumba yake: Austria, kisha Italia kwa mapatano ya mwaka 1920, kisha Yugoslavia mwaka 1947, na mwisho Slovenia iliyojitawala mwaka 1991. Kila utawala ulileta sheria zake na lugha ya ofisi zake. Lakini hakuna hata mmoja uliobadili tabia ya jiwe la chokaa. Siku hizi maji huletwa kwa mabomba. Hata hivyo mapaa ya mawe na mabirika ya kale bado yapo, yakiwafundisha vijana jinsi wazee wao walivyoishi mahali pasipo na mto, kwa kutopoteza kile walichopewa na mbingu.