Nyiragongo itarudi lini? Hesabu ya mwenye kujenga Goma

Baba anashuka kutoka Rubaya na pesa ya koltani. Kitu cha kwanza anachotafuta ni kiwanja hapa Goma. Anauliza bei, anauliza makaratasi. Siye tunaongeza swali lingine: volkano itarudi lini?

Tuhesabu pamoja. Nyiragongo ilimwaga lava tarehe 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021. Kati ya ya kwanza na ya pili kulipita miaka 25. Kati ya ya pili na ya tatu, 19. Jumla 44, gawa kwa mbili: 22.

Hapo njo watu mingi wanakosea. Wanachukua 2021, wanaongeza 22, wanapata 2043, kisha wanalala usingizi. Mchimbaji anajua vizuri: ukikuta madini kwa mita 19 katika shimo moja na kwa mita 25 katika lingine, huwezi kuapa kwamba la tatu litakupa kwa mita 22. Mashimo mawili ni kidogo. Hata vipindi viwili vya volkano ni kidogo.

Afazali tuseme hivi: kila mwaka, bahati mbaya ni kama 1 juu ya 22. Kwa mwaka mmoja inaonekana ndogo. Kwa miaka 10 inapita theluthi moja. Kwa miaka 20 inakaribia 6 juu ya 10. Na nyumba tunaijengea watoto, hatuijengei mwaka mmoja.

Hiyo haisemi kama lava itafika kwako. Mwaka 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. 2021 ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Inafuata nyufa na miteremko. Kwa hiyo, mbele ya kununua, uliza wazee wa mtaa: lava ilipita wapi mara zile?

Hesabu haitupatii tarehe. Mwaka 2021 lava ilikuja Jumamosi jioni, watu wakiwa manyumbani. Siku tano nyuma, wakati wa kuhama kwenda Sake, Bukavu na Rwanda, kuna watoto waliopotezana na wazazi. Kama baba iko mgodini, kubalianeni leo: nani anashika watoto, makaratasi yako wapi, mtakutana wapi. Hayo yanawezekana hata bila kujua mwaka.