Nani Huamua Mchezo wa Kompyuta Uuzwe Nchi Gani
Mnunuzi anapokuta mchezo wa kompyuta hauuzwi nchini mwake, hulilaumu duka la mtandaoni. Aghalabu hulionea: mchapishaji ndiye huchagua nchi, duka likatekeleza. Mwezi Mei 2024, baada ya Sony kuwataka wachezaji wa Helldivers 2 katika duka la Steam wawe na akaunti ya PlayStation Network, mchezo huo uliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, Tanzania ikiwemo. Sharti lenyewe lilifutwa siku chache baadaye.

Hata hivyo, duka nalo huwajibishwa. Januari 2021, Kamisheni ya Ulaya iliitoza Valve, mmiliki wa Steam, pamoja na wachapishaji watano faini ya jumla ya euro milioni 7.8 kwa kuzuia michezo iliyonunuliwa katika baadhi ya nchi wanachama isichezwe katika nyingine.