Ua la pwani ya Amerika lililobaki kwenye karatasi

Mwezi wa Septemba 1786, merikebu mbili za Ufaransa zilitia nanga Monterey, pwani ya California, ambayo wakati ule ilikuwa mikononi mwa Wahispania. Ndani yake kulikuwa mtunza bustani, Jean-Nicolas Collignon, aliyetumwa kukusanya mbegu. Walikaa siku kumi tu. Kati ya mbegu zilizotumwa Paris kulikuwa za ua dogo la rangi ya waridi, linalotambaa mchangani, majani yake yananata hata mchanga unayashika.

Mbegu ziliota, zikatoa maua, na mtaalamu Lamarck akaliita Abronia umbellata. Linahesabiwa kuwa ua la kwanza la California kuandikwa kisayansi. Collignon hakurudi nyumbani: merikebu zote mbili zilipotelea Vanikoro, katika bahari ya Pasifiki.

Tangu hapo wengi wamelichuma, wakalikausha na kulibandika kwenye karatasi ngumu. Ghala la karatasi hizo huitwa herbariumu. Kila karatasi ina kibandiko: jina la mmea, mahali, tarehe, aliyechuma. Ukizipanga kwa miaka, unaona ufuko ambako wazee walichuma ua hilo na leo halipo tena. Lakini tahadhari: wachumaji hupenda kwenda mahali barabara inafika. Ufuko usio na karatasi huenda haukutembelewa tu.

Hata hivyo upungufu ni wa kweli, hasa upande wa kaskazini. Jimbo la Oregon na inchi ya Kanada zimeliweka kati ya mimea iliyo hatarini. Magari na miguu ya watu huliponda, lakini adui mkubwa alikaribishwa: majani marefu kutoka Ulaya, yaliyopandwa makusudi ili kuzuia mchanga usihame. Yalifanya kazi yao vizuri mno. Ua hili linataka mchanga ulio wazi.

Kwetu pia karatasi za namna hii zipo. Yangambi, jimbo la Tshopo, si mbali na Kisangani, kuna herbariumu kubwa sana ya mimea ya Kongo, iliyoanzishwa wakati wa Wabelgiji. Miti iliyochumwa kule kabla ya uhuru ingali na vibandiko vyake.

Huko Oregon, tingatinga zimeng'oa majani yale kwenye sehemu fulani za ufuko ili ndege wa mchangani wapate mahali pa kutaga, na mbegu za ua zikamwagwa palepale.