Fahari ya anga ni ndege ipi?

Kila Jumapili sisi wapenzi wa ndege hukutana kando ya ua wa Uwanja wa Wilson, Nairobi, tukibishana. Mimi nilishabikia ndege za vita. F-5 za jeshi letu zikipasua anga Siku ya Jamhuri, moyo hunidunda. Vindege vidogo nilivibeza.

Kisha mamangu akaugua ghafula Lodwar. Aliletwa Wilson na ndege ya AMREF, shirika lililoasisiwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, mmoja wao Michael Wood, aliyekuwa pia rubani. Rubani wa mama alishuka, akafuta jasho, akaulizia chai. Hakupigiwa makofi.

Jumapili iliyofuata ubishi ulipoanza, nilikionyesha kile kindege kwa kidole, nikanyamaza.