MMEA NAO NI ABIRIA

Bila shaka umewahi kusikia watu wakiagiza viatu kupitia intaneti. Siku hizi hata miche huuzwa hivyo. Shangazi yangu ana kitalu kando ya barabara huko Limuru. Yeye hupiga picha za mawaridi na miche ya avokado kwa simu, na wateja wa Kisumu na Mombasa humtumia pesa. Kupokea pesa ni rahisi. Kazi ni kufikisha mmea ukiwa hai.

Tuseme mche unauzwa shilingi 300 na faida yake ni shilingi 100. Ukifika umekauka, shangazi hurudisha pesa zote. Basi mche mmoja uliokufa humeza faida ya miche miwili iliyofika salama. Faida hiyo ndiyo inayonilipia karo, kwa hivyo jambo hili kwangu si mchezo.

Shida hii haikuanza jana. Zamani mimea iliyosafirishwa kwa merikebu iliangamizwa na upepo na maji ya chumvi. Mwaka wa 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aligundua kuwa kangaga iliweza kuota ndani ya chupa iliyofunikwa bila kumwagiliwa. Maji yaliyotoka majanini yaligeuka matone yakarudi udongoni. Mwaka wa 1833 alituma mimea hadi Sydney katika masanduku ya vioo, nayo ikafika hai. Baadaye masanduku ya aina hiyo yalibeba miche ya chai kutoka Uchina hadi India. Chai nayo ililetwa kwetu Limuru kutoka India mwaka wa 1903.

Sisi hatuna vioo, tuna katoni tupu za dukani. Ndani ya katoni ni giza, na mmea hauwezi kujitengenezea chakula gizani. Kwa hivyo safari isizidi siku mbili au tatu. Maadui wengine ni mtikiso, joto na maji yaliyopita kiasi. Hivi ndivyo tunavyopambana nao:

Kwanza, mwagilia mche siku moja kabla ya safari, kisha uache maji yachuruzike. Udongo uwe na unyevu lakini majani yawe makavu. Majani yenye maji yakifungiwa gizani huoza.

Pili, funika udongo kwa gazeti lenye unyevu na ulifunge kwa kamba kuzunguka shina, ili udongo usimwagike. Mche wa avokado ufungie kijiti, kwa maana pale shina lilipounganishwa huvunjika upesi.

Tatu, zungushia majani gazeti kavu, ukiyakunja kuelekea juu.

Nne, panga miche ikiwa imesimama. Pitisha vipande vya katoni juu ya mikebe na uvibane kwenye kuta za sanduku. Hata makanga akiligeuza juu chini, mikebe haitatoka mahali pake. Jaza nafasi zilizobaki kwa magazeti yaliyofinyangwa. Usitumie nyasi za shambani, kwani huenda zikabeba wadudu.

Tano, toboa matundu machache ya ukubwa wa penseli pande za juu. Andika MIMEA HAI, chora mshale wa kuonyesha juu, na uweke nambari za simu za pande zote mbili.

Kabla ya kuliachilia sanduku, litikise. Ukisikia kitu kinacheza ndani, fungua upange upya. Tuma Jumatatu wala si Ijumaa, lisije likalala ofisini mwishoni mwa juma. Omba lisiwekwe juu ya keria wala karibu na injini.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Afungue mara moja na kuweka mche kivulini siku kadhaa kabla ya kuupeleka juani. Na iwapo mteja yuko nje ya Kenya, cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS ni lazima. Ugonjwa wa mimea ni abiria asiyelipa nauli.

Wanafunzi wenzangu, wahenga walisema biashara haigombi. Nami naongeza kuwa biashara ya miche haiharakishwi. Anayefungasha vizuri leo ndiye atakayepigiwa simu tena kesho.