Kifua kikuu na kisukari: kwa nini dozi ya sukari huangaliwa upya mara mbili

Mgonjwa wa kisukari anapogundulika pia kuwa na kifua kikuu, wengi hudhani kwamba kinachotakiwa ni kuongeza vidonge vipya juu ya vile vya zamani. Sivyo. Dawa za maradhi hayo mawili hukutana ndani ya mwili, na moja huweza kuipunguzia nyingine nguvu.

Suala hili lina uzito katika ukanda wetu. Kenya, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya nchi 30 zilizobeba mzigo mkubwa wa kifua kikuu katika kipindi cha 2021 hadi 2025. Mwenye kisukari, ambaye kinga yake hudhoofishwa na sukari iliyozidi, yumo katika hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili hadi tatu zaidi ya asiye nacho. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2011 WHO inashauri wagonjwa wa kifua kikuu wapimwe sukari, na wa kisukari wachunguzwe dalili za kifua kikuu: kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, homa, jasho la usiku na kupungua uzito.

Mwanzo wa tiba

Tiba ya kawaida ya kifua kikuu kisicho sugu huchukua miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Mojawapo, rifampisini, hutumika muda wote huo. Dawa hiyo huua vimelea, lakini pia hulichochea ini kuzivunja dawa nyingine kwa kasi. Vidonge vya kisukari kama glibenklamidi na gliklazidi huisha mwilini kabla ya kumaliza kazi yao. Metformini haivunjwi na ini, na insulini haiathiriwi kwa njia hiyo. Ndiyo maana madaktari mara nyingi huzitegemea hizo mbili.

Isitoshe, kifua kikuu chenyewe hupandisha sukari, kama yafanyavyo maambukizi mengine makali. Hivyo katika wiki za mwanzo mgonjwa anaweza kumeza dawa zake zote kwa uaminifu na bado sukari ikapanda. Daktari akiona hivyo, huweza kuongeza dozi au kubadilisha dawa.

Dawa nyingine, isoniazidi, huweza kudhuru mishipa ya fahamu na kuleta ganzi miguuni, madhara ambayo kisukari nacho huyaleta. Ili kuikinga mishipa hiyo, mgonjwa hupewa vitamini B6.

Hatari ya mwisho

Hatari isiyozungumzwa sana huja mgonjwa anapopona. Rifampisini inapokoma, ini hurudia mwendo wake wa kawaida kwa muda wa takriban wiki mbili. Dozi iliyoongezwa miezi sita iliyopita sasa huwa kubwa mno, na sukari huweza kushuka ghafla. Mgonjwa hutetemeka, hutokwa na jasho jingi, huona njaa kali, huchanganyikiwa, na hata kupoteza fahamu. Anapopatwa na dalili hizo akiwa bado na fahamu, apewe mara moja kinywaji chenye sukari, kisha afikishwe kituo cha afya.

Ugumu ni kwamba kliniki hizo mbili mara nyingi hukaa mbalimbali, kila moja na kadi yake. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, ilhali wagonjwa wengi hulazimika kununua dawa za kisukari na vifaa vya kupimia.

Kwa hiyo mgonjwa aonyeshe kadi zote mbili kila anapohudhuria kliniki, na aulize mapema dozi ya kisukari itabadilikaje siku atakapomaliza tiba. Asiache wala kupunguza dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe: tiba ya kifua kikuu ikikatizwa, maradhi huweza kurudi yakiwa sugu.