Kaa naye ana siku yake ya unyonge

Kaa wa mikoko, yule mkubwa anayevuliwa Gazi na Mida kule Pwani, ana magando makali hata wavuvi wenyewe humshika kwa tahadhari. Lakini kuna siku huwa hawezi kumdhuru yeyote.

Gamba la kaa halikui. Mwili ukilijaza, hupasuka upande wa nyuma, naye hutoka kinyumenyume akiwa laini kama andazi bichi. Hujificha hadi gamba jipya ligumuke. Mguu uliokatika huanza kurudi wakati huo.

Jike hupandwa akiwa katika hali hiyo. Dume humkumbatia kwa siku kadhaa, kabla na baada ya kujivua gamba, asije akaliwa. Baadaye jike hutoka mikokoni kuelekea baharini, akiwa na mamilioni ya mayai chini ya tumbo.

Basi msomaji, ukienda sokoni mgeuze kaa. Kifuniko cha tumboni kikiwa chembamba, huyo ni dume. Kikiwa kipana, ni jike. Ukimkuta amefumbata mayai ya rangi ya chungwa, usimnunue. Kitoweo cha siku moja hakilingani na kizazi kizima.